Kikombe cha divai cha Bayahudi: naweza kukifua mu shaba na malakite?

fundi_katuba (Lubumbashi)

Salamu bandugu na bamama wote. Mie niko fundi hapa Lubumbashi, tunafua shaba na kukata malakite, ni kazi baba yetu alituachia. Kuko mama mumoja alifika ku atelie, bazazi yake balikuwa Bayahudi ba hapa mujini, bale balitokaka ku kisanga ya Rhodes, sasa yeye anakaa Bulaya. Mutoto wake anaoa na anataka amupatie kikombe ya divai ya Sabato, akasema nataka kitu ya Katanga, kifuliwe na mukono, kisifanane na bile banauzisha mu maduka. Kazi naipenda sana na sitaki niifanye ovyo, njo maana naleta maulizo hapa.

Mie niko Mukatoliki, kikombe ya misa najua, ndani banapakaa zahabu na inabarikiwa mbele ya kuingia ku altare. Ya bao nayo inabarikiwa? Mutu haiko Muyahudi anaweza kuifanya? Ukubwa wake ni gani? Nilikuwa nawaza nichonge kikombe yote mu malakite, ama mwili wa shaba na chini niweke misalaba midogo ya shaba ya zamani ya Katanga, ile croisette, juu njo alama yetu. Na nasikia ku ndoa banavunja kikombe na muguu, sasa shaba itavunjika namna gani? Mwenye anajua anisaidie tafazali.

Ya Mado (Lubumbashi)

Fundi, mama yangu alipikaka miaka mingi ku nyumba ya famiya moja ya Bayahudi ba Rhodes, mie nilikomalia mule mu jikoni, kwa hiyo ile ya ijumaa magaribi naijua vizuri. Mbele jua haiyashuka kila kitu iko tayari juu kiisha pale moto haibawashi tena, boreka (ni sambusa zabo) ziko ku meza, mayai yamelala ku moto mudogo tangu mchana mpaka ganda inakuwa rangi ya kahawa. Mikate mbili iko ku meza imefunikwa na kitambaa safi. Yule papa anasimama, anajaza kikombe ya feza divai mpaka ku mudomo, mpaka unaogopa itamwangika, anakishika na mukono wa kuume anaimba. Banaanza na ile fasi ya Mwanzo yenye inasema mbingu na inchi zilimalizika na Mungu akapumuzika siku ya saba, kiisha baraka ya divai, kiisha baraka ya ile siku yenyewe. Anakunywa, kikombe inazunguka, bibi, batoto, bageni. Mkate inafunikwa juu divai njo inabarikiwa ya kwanza, banasema ni kwa kuuheshimu mkate usione haya. Hiyo ilinigusaka sana nikiwa mutoto.

Ile mambo ya croisette usiiweke. Mie najua kwetu ni franga ya bankambo, ilikuwaka ata ku bendera ya Katanga ya 1960, lakini Muyahudi akiona umbo ya musalaba ku kikombe yake ya Sabato itamuumiza, na yule mama pengine atakosa namna ya kukuambia.

Na jua unamufanyia nani. Bazee ba ile famiya baliacha Rhodes mbele ya vita wakati ilikuwa chini ya Italia, bakaja kufanya biashara huku Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo), sinagogi yabo ilijengwa mu 1930 na ingali inasimama mujini, rabi Moïse Levy alifika 1937 akabatumikia miaka mingi sana. Bale balibaki Rhodes, mu mwezi wa saba 1944 Badeutsche (Bajerumani) balibakusanya, bakabanyanganya vitu vya bei, bakabatuma ku kambi ya kuua batu ya Auschwitz, zaidi ya batu 1600, na bakarudia wachache tu. Kiisha huku nako ikaja zairianisation ya 1973, serikali ikanyanganya biashara za bageni, wengi bakaenda. Basi kikombe yenye inatoka Lubumbashi kwenda ku ndoa ya mujukuu, fundi, iko na uzito.

mfua_chuma_birere (Goma)

Kaka fundi, kabla ya mapambo tuongee sumu kwanza. USICHONGE kikombe cha kunywea mu malakite, hata kama kliyan analia. Malakite ni kaboneti ya shaba, na divai ina asidi, pH yake inatembea kati ya 3 na 4, ikikaa mule ndani inakula jiwe polepole na shaba inaingia mu divai, mutu anaumwa tumbo, anatapika. Jaribu tu kipande cha taka, kiweke ndimu kilale nayo, asubuhi utaona mng'aro umeondoka. Shaba tupu nayo ni vilevile. Na wakati wa kukata malakite kata na maji na uvae maski, ule vumbi wa kijani ni mubaya mu mapafu, hii naisema kwa mafundi wote maana naona vijana wanakata wakavu.

Sasa njia ziko mbili. Ya kwanza ni ile ya sufuria za shaba za Waarabu na Waturuki, unapaka bati ndani, bati safi inayotoka mu lile jiwe la kasiterite, inayeyuka ku digri 232 tu kwa hiyo moto wako mudogo unatosha, unasugua na pamba ikiwa moto mpaka ndani yote inakuwa nyeupe. Ubaya wake bati inaisha na miaka, inabidi kupakwa tena. Ya pili, ambayo mimi ningefanya kwa zawadi ya ndoa, fua kikombe cha ndani cha feza 925 (sehemu 925 kwa 1000 ni feza safi), kisha shaba yako ikivalie nje kama koti, na ule mudomo wa feza ukunje juu ya shaba ili midomo ya watu iguse feza tu. Malakite iweke ku muguu na ku kitako, mbali na divai. Hapo kila mutu ataona ni Katanga.

Kwa kuunganisha usitumie ile sudi (madini ya kulehemu) ya radiata, ina risasi. Tumia sudi ya feza, na usome paketi uone haina kadimiamu, nayo ni sumu.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Nafundisha Agano la Kale na Kiebrania kidogo, niongeze upande wa sheria zao.

Kikombe hiki hakiwekwi wakfu kama kalisi ya misa. Kinachotakaswa pale ni siku, Sabato yenyewe, na divai ndiyo inasindikiza maneno. Kikombe chochote kizima na safi kinafaa, kiwe cha kioo au udongo au feza. Uzuri wake unatokana na wazo lingine: Kutoka 15:2, marabi wanaisoma kama kumpamba Mungu, na Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa zamani, mu Shabati 133b inasema ujipambe mbele yake kwa amri zake, yaani ukitimiza amri fanya kwa kitu kizuri. Ndiyo maana mafundi wa feza wa Augsburg walifua vile vikombe, na wale wa Yemen wakajulikana kwa feza ya nyuzi nyembamba, na mu 1906 Boris Schatz akafungua shule ya sanaa ya Bezaleli pale Yerusalemu, akaipa jina la yule fundi wa Kutoka 31 aliyejazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya zahabu, feza na shaba. Ona fundi, shaba iko mule.

Mikono yako haina shida. Hata Hiramu wa 1 Wafalme 7, aliyemfanyia Sulemani vyombo vya hekalu, mama yake alikuwa wa kabila la Naftali lakini baba yake ni mtu wa Tiro, mfua shaba. Kitu kimoja tu, chombo cha madini cha mezani, hata feza na shaba, kikitoka kwa mtu asiye Muyahudi wanakizamisha mu maji ya mikve, birika lao la kutakasia, kabla ya kukitumia. Mama atalifanya yeye mwenyewe. Wewe usiache gundi, nta, wala karatasi ya bei juu yake, maana maji yanapaswa kugusa kila sehemu.

Ukubwa, hapo usikisie. Kipimo kinaitwa reviit. Rabi Avraham Chaim Naeh alikihesabu kuwa mililita 86, rabi mwingine, Chazon Ish, akapanda mpaka karibu 150, na familia nyingine zinafuata huyu na nyingine yule. Fanya kichukue kama 160 kikijaa kabisa na utakuwa umewatosheleza wote. Pima na maji ku balansi, gramu moja ni mililita moja. Usikifanye kikubwa mno kwa sababu kinapaswa kujaa, na anayebariki anakunywa zaidi ya nusu ya kipimo, na anakiinua karibu upana wa kiganja juu ya meza, kwa hiyo kikiwa kizito na malakite yote chini mkono wa mzee utatetemeka. Mudomo usiwe na mkwaruzo wala pengo, Talmudi Berakoti 51a iko na orodha ya heshima za kikombe cha baraka, kusuuzwa ndani, kuoshwa nje, kujazwa, na marabi wakaongeza kwamba kiwe kizima.

Kile wanachovunja ku ndoa ni kingine, kioo cha kawaida kilichofungwa mu kitambaa, ukumbusho wa hekalu lililobomolewa mwaka 70. Chako ni cha kuinuliwa chini ya hupa, kile kitambaa cha juu ya maarusi, pale baraka saba zinasomwa juu ya divai, na kisha kila ijumaa nyumbani.

fundi_katuba

Mwalimu, kaka wa Goma, Ya Mado, Mungu abajalie. Croisette natoa. Nitafua ndani feza, inje shaba, kitako ya malakite nyembamba isilemeze. Zabibu na komamanga banaweza kukubali? Na maandiko, mama alisema niandike kitu ya Kiebrania lakini hakuniachia maneno, mie herufi zile sizijue kabisa.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Zabibu na komamanga ni mapambo yao ya tangu zamani, weka bila woga.

Maneno usichague peke yako na usiyatoe mu intaneti ukachonga. Muombe mama akutumie yameandikwa na rabi wake, makubwa, na wewe uyakopie mustari kwa mustari. Kiebrania kinatoka kuume kwenda kushoto, na herufi zingine zinafanana hatari, dalet na resh zinatofautiana pembe tu, he na het zinatofautiana kale kanafasi kadogo ka kushoto, ukikaziba neno limeharibika. Jina la Mungu lenyewe usilichonge, wengi wanaliepuka ku vyombo vya mezani. Mupendekezee Yeremia 33:11, sauti ya shangwe na sauti ya furaha, sauti ya bwana arusi na sauti ya bibi arusi. Kale kapande kako mu zile baraka saba za ndoa na hakana Jina ndani yake. Ama Kutoka 20:8, ikumbuke siku ya Sabato uitakase, hiyo nayo haina.

mfua_chuma_birere (Goma)

Chonga maandiko ku shaba ya inje mbele ya kuivalisha feza, ukikosea unafua ingine bila kupoteza feza. Na ile shaba ukiigonga sana inakuwa ngumu, ichome iwe nyekundu, itie mu maji, iregee, ndipo uendelee, usilazimishe itapasuka ku shingo. Vernisi, kwanza muulize mama juu ya yale maji ya mikve mwalimu alisema, akikubali weka inje tu, chini ya mudomo, ndani hapana kabisa.

Ya Mado (Lubumbashi)

Fundi umuulize tena yule mama kama anataka kisahani. Jumamosi usiku Sabato ikiisha bako na sala ingine, bananusa manukato, banawasha mushumaa wa kusukwa, na pale divai banaimwanga mpaka inapita ku mudomo inashuka chini, ni kuomba juma yenye baraka ya kufurika. Mushumaa nao banauzima mu ile divai yenye ilimwangika. Kwa hiyo kisahani kiwe na ukingo ya kusimama kidogo, na nacho ndani kipakwe bati.