SSD, kuongeza RAM, au nitafute mashine nyingine? Bajeti laki na nusu

UkwajuMkavu (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nina Lenovo ThinkPad T430, niliinunua ikiwa imeshatumika. Core i5 kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kazi) 4GB, diski ya kawaida 500GB, Windows 10. Ni mashine ya nyumbani: mama watoto anaweka humo hesabu za cherehani kwenye Excel, kijana wa kidato cha tatu anafungua mitihani iliyopita, mimi nachapa barua za kikundi.

Shida ni uzito. Jana nilishika saa: tangu kubonyeza kitufe hadi Excel ikubali kuandikwa, dakika nne na sekunde kumi. Mama watoto siku hizi anaiwasha kisha anaenda kuinjika chai, akirudi kile kiduara bado kinazunguka. Nikafungua Task Manager, nikakuta CPU (kichakataji) asilimia 11, diski asilimia 100, tena inasoma MB 2 tu kwa sekunde. Hapo ndipo nilipochoka. Imeelemewa, halafu hakuna inachofanya?

Fundi wa kwanza kasema niongeze RAM. Wa pili kasema SSD, diski ya chipu. Wa tatu kasema mashine imezeeka, niongeze hela anitafutie nyingine. Nina laki na nusu na hapo ndipo mwisho wa reli. Naomba mnilinganishie.

BisibisiNyota (Dar)

Mkuu, hiyo CPU 11 na diski 100 ndiyo jibu lenyewe. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Kama yako ni ya mizunguko 5400 kwa dakika, sahani inazunguka mara 90 kwa sekunde. Kichwa kisogee mpaka kwenye mstari unaotakiwa, kisha kingoje sehemu yenyewe izunguke ifike chini yake. Hapo zimeshapita milisekunde 15 mpaka 20, kwa kipande kimoja tu. Kwa sekunde unapata vipande 50 au 60 hivi. Sasa Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona. Ni kama kijana wa dukani unayemtuma stoo alete kiberiti, akirudi unamtuma chumvi, akirudi majani ya chai. Anatoka jasho siku nzima na kaunta ina vitu vitatu.

SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Kipande kinafikiwa kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde. SSD kwanza, RAM baadaye. Hiyo ya tatu achana nayo kwa sasa.

Mwana_Likoni

Bwana wee, fundi wa kwanza naye msimtupe hivyo. RAM 4GB kwa Windows 10 ni kuvaa kiatu kinachobana. Mfumo wenyewe unakula karibu nusu, ukifungua kivinjari na kurasa tano imekwisha, halafu mashine inaanza kuhamishia mambo kwenye diski. Na diski yenyewe ndiyo hiyo ya kwenda stoo.

Mimi nilianza na RAM, nikatoka 4 kwenda 8. Nikwambie ukweli: kuwaka kulibaki vilevile, hata sekunde tano sikuokoa. Kilichobadilika ni kwamba ikishawaka haikwami nikifungua vitu vingi. SSD nilikuja kuweka miezi sita baadaye, nikajiuliza nilikuwa nangoja nini. Kwa hivyo mpangilio ni huo wa Bisibisi, lakini usiishie SSD. T430 ina nafasi mbili za RAM, DDR3 za laptopu. Angalia kwanza kama moja iko wazi, hapo utanunua kijiti kimoja cha 4GB kilichotumika na hela itatosha.

ChapuChapu (Nakuru)

Kwa nini mnamuuzia teknolojia ya zamani? SSD za SATA, zinazokaa mahali pa diski ya kawaida, zinaishia MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe, aina mpya ya SSD, hata ile ya PCIe 3.0 inafika 3,500. Bei siku hizi hazipishani sana. Anunue NVMe amalize kazi.

BisibisiNyota

Ataichomeka wapi, ndugu yangu? T430 ni ya 2012, haina tundu la M.2 la kuchomekea NVMe. Ina tundu la mSATA (SSD ndogo kama kadi) pale ilipotakiwa kukaa modemu ya laini ya simu, na lenyewe ni la SATA ya pili, Gb 3 kwa sekunde. mSATA nzuri kuipata sasa ni kazi, na kwa kila GB unalipa zaidi.

Tena hata angekuwa na tundu la NVMe, kwa Excel na PDF za mitihani asingeona tofauti. Hizo 3,500 ni pale unapohamisha faili moja kubwa mfululizo. Kazi za nyumbani ni vipande vidogo vidogo, na huko ruka kubwa ni kutoka kwenye sahani kwenda kwenye chipu. Kutoka SATA kwenda NVMe ni nyongeza ya mtu anayehariri video.

ChapuChapu

Sawa, hapo nimekubali. Sikujua T430 haina hilo tundu.

UkwajuMkavu

Asanteni. Nimegeuza mashine, nimeona tundu moja la RAM liko wazi. Swali: hii diski ya 500GB ina picha zetu zote. Nimesikia unaweza kutoa DVD ukaiweka pale, SSD ikakaa mahali pake. Ni kweli? Na kweli SSD inakufa haraka kuliko diski?

Mwana_Likoni

Kweli. Kuna kifremu kinachoingia mahali pa DVD. Pima unene kabla hujatoa hela, kuna vya milimita 9.5 na vya 12.7. Ya T430 ni 12.7. SSD yenyewe iweke kwenye nafasi kuu ya diski, usiiweke kwenye kifremu, kwa sababu nafasi kuu ndiyo yenye SATA ya tatu.

Ila mimi nilikitoa. Diski ya zamani ikiwa ndani inaendelea kula betri na kutoa joto, na kila ukifungua folda ya picha inashtuka kutoka usingizini ndiyo ikujibu. Kava la USB ni rahisi na diski unaichomeka ukiitaka tu.

hesabu_za_jioni

Kuhusu kufa: SSD kama Kingston A400 ya 240GB, kiwanda chenyewe kinataja TB 80 za kuandikwa. Ukiandika GB 20 kila siku bila kupumzika, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Familia ya Excel haifiki GB 20 kwa siku. Laptopu itaanza kufa yenyewe.

Kinachotofautiana ni namna ya kufa. Diski ya kawaida mara nyingi inakuaga: inagonga, inakwaruza, faili zinagoma. SSD ikifa huenda ikazima ghafla kama taa. Kwa hiyo bakapu iwepo, hata ukinunua ya bei mbaya.

BintiSega (Tanga)

Naomba niongee kama niliyeumia. Mwaka juzi nilikuta mtu anauza SSD ya 2TB kwa bei ya 240GB ya wenzake. Boksi zuri, stika inang'aa. Niliichomeka, Windows ikaonyesha 2TB kamili, nikafurahi. Nikahamishia video za harusi ya dada. Wiki moja baadaye nafungua: majina ya faili yapo, ndani hamna kitu. Video zinafunguka sekunde kumi halafu nyeusi.

Mdogo wangu akaibandua kava kwa kisu. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kama kidole, kadi ya kumbukumbu ya simu imegandishwa juu yake kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Kadi yenyewe ni ya 64GB. Kinachofanyika ni kwamba kidhibiti kimefundishwa kudanganya. Ukishajaza hizo 64 inaanza kuandika juu ya zile za mwanzo.

Kwa hiyo kaka UkwajuMkavu, ukinunua usiridhike na kinachoonekana kwenye skrini. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski yote kisha inasoma tena kila kitu kuhakiki. Kwenye Linux ipo F3. Inachukua muda lakini iache usiku. Na mwambie muuzaji mapema kwamba utaipima na ikifeli unairudisha. Akianza kukuna kichwa, ondoka.

ChapuChapu

Pole sana dada. Video zilipatikana?

BintiSega

Za mpiga video tu. Zetu za simu zilikwenda.

Kisimani

Mimi nawapinga kidogo. Windows 10 masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Kizazi cha tatu hakimo. Mnamshauri mtu aweke hela kwenye gari ambalo barabara imefungwa.

BisibisiNyota

Hoja nzuri, lakini tazama hela yenyewe. Kwa laki na nusu anapata laptopu gani ya kizazi cha nane? Hapati. Atapata nyingine ya umri huohuo yenye betri mbovu zaidi. SSD ya SATA haiozi: siku akibadili mashine anaitoa, anaiweka kwenye nyingine yenye nafasi ya inchi 2.5, au kompyuta ya mezani, au kwenye kava la USB.

Na akiogopa usalama kuna Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Toleo la 22 lina masasisho mpaka 2029, na lenye muonekano wa Xfce ni jepesi, RAM 4GB inatosha kabisa. LibreOffice inafungua faili za Excel. Kwa hesabu za cherehani sioni tatizo.

Kisimani

Wewe huoni. Mwambie mama watoto wake kwamba Excel imehamishwa, halafu utuletee majibu.

UkwajuMkavu

Hapo Kisimani umenena. Tubaki na Windows kwanza. Sasa, ninakili mfumo wote kama ulivyo kwenda kwenye SSD au nianze upya?

hesabu_za_jioni

Anza upya. Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa kuliko hiyo, wewe unatoka 500 kwenda 240, utaanza kukata sehemu na kupunguza. Na utahamisha na takataka za miaka yote. Flashi ya 8GB, tengeneza kisakinishi kwa kompyuta hiyohiyo kabla hujafungua skrubu. Kama Windows yako ina leseni halali ya kidijitali, imefungwa kwenye mashine, si kwenye diski, itajiamsha yenyewe ukiingia intaneti. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) hakikisha SATA iko kwenye hali ya AHCI.

Lakini kabla ya yote pakua CrystalDiskInfo uangalie afya ya diski ya zamani. Diski asilimia 100 muda wote kwa MB 2 wakati mwingine si uzee tu.

UkwajuMkavu

Nimepima. Imeandika "Caution" kwa njano, na mstari wa C5 una namba badala ya sifuri. Ni mbaya?

hesabu_za_jioni

C5 ni sehemu za sahani ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inabahatisha. Acha kuitumia. Usiendelee kuiwasha kwa Excel. Nunua SSD kesho, na kitu cha kwanza ni kutoa picha, mengine yafuate.

UkwajuMkavu

Mrejesho, wakuu.

Nimenunua SSD 240GB kwa elfu 75, kijiti cha RAM 4GB kilichotumika elfu 25, kava la USB elfu 15. Jumla laki na elfu 15, chenji imebaki. Usiku wa kwanza niliiacha SSD na H2testw, asubuhi ikasema haina kosa. BintiSega, nilikukumbuka.

Kufungua T430 kumbe ni skrubu moja chini, kikava kinatoka pembeni, diski unaivuta kwa kile kimkia chake. Ina mipira miwili ubavuni. SSD ni nyembamba kidogo kuliko ya zamani, ikawa inacheza ndani ya mipira, nikaweka kipande cha boksi la dawa ya meno. Msinicheke.

Windows imeingia kwa muda wa kuchemsha maharage nusu. Nikashika tena saa: kitufe hadi Excel inaandikika, sekunde 34. Mama watoto aliiwasha, akaondoka kwenda jikoni kama kawaida, kijana akamwita arudi. Hakuamini, akaizima akaiwasha mwenyewe.

Diski ya zamani iko kwenye kava la USB, nahamisha picha. Folda za 2019 mpaka 2022 zimetoka zote. Ya 2018, mwaka aliozaliwa mdogo, imekwama kwenye faili moja na diski imeanza kutoa sauti, tik, tik, kimya, tik.

BisibisiNyota

Ruka hiyo faili, toa nyingine zote kwanza. Usiizime, ikipoa huenda isiamke.

UkwajuMkavu

Nimeiruka. Iko asilimia 71. Sauti imezidi.