Mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni Marekani 2025-26: UConn (Connecticut), South Carolina au UCLA (Los Angeles)?

Mama Neema: Habari zenu wakuu. Nataka kukata tiketi za msimu za timu moja, mimi na binti yangu wa miaka 12. Nimebakiza hizo tatu. Ipi itachukua ubingwa? Mwisho wa kulipia Ijumaa.

KapuTatu: Dada, unaishi wapi? Connecticut na Los Angeles ni ncha mbili za nchi.

Mzee wa Rebaundi: Popote alipo, UConn. Aprili 2025 wameichapa South Carolina 82-59 kwenye fainali, kombe la 12. Nyota wao Paige Bueckers kaondoka, ila Azzi Fudd kabaki na Sarah Strong ndiyo kwanza anaingia mwaka wa pili.

Mtu wa Mumias: Zii, mzee. South Carolina wamemchukua Ta'Niya Latson, aliyeongoza nchi nzima kwa pointi, na Madina Okot wetu kutoka Mississippi State. Juzi tu alikuwa chuo cha Zetech, Kenya! Na kocha wao Dawn Staley ndiye aliyemlea A'ja Wilson, nyota wa WNBA, ligi ya kulipwa.

KapuTatu: Hapo unaongea uzalendo. Februari UConn waliwafuata South Carolina kwao, mji wa Columbia, wakawapiga 87-58. Mechi 71 South Carolina walikuwa hawajafungwa nyumbani.

Shangazi Tanga: Mama Neema, usinunue kwa ajili ya mchezaji mmoja. Machi nililipia ndege, hoteli na tiketi za mechi ya mtoano mjini Spokane nimwone JuJu Watkins, nyota wa chuo cha USC. Siku tano kabla, goti lake likachanika kwenye mechi nyingine. Nikatafuta wa kumuuzia tiketi mtandaoni. Jamaa akanitumia picha ya muamala, nikamhamishia tiketi zote mbili, pesa haijaingia hadi leo. Nililia.

Mtu wa Mumias: Pole sana shangazi. Mechi aliyoumia ilikuwa dhidi ya kina Okot, akiwa bado Mississippi State.

Mzee wa Rebaundi: Kinachoniuma ni huku kuhamahama. MiLaysia Fulwiley katoka South Carolina kaenda LSU (Louisiana), wapinzani wale wale!

Mtu wa Mumias: Okot asingehama, nani angemjua?

Mama Neema: Samahani, sikusema: niko Charlotte. UCLA ni kwa sababu ya Lauren Betts, Neema anacheza senta.

KapuTatu: Charlotte! Columbia ni saa moja na nusu kwa gari. Los Angeles utaenda mara ngapi?

Mama Neema: Kabandika picha ya Betts ukutani, nimwambieje? Shangazi, hilo la goti limenitisha. Wanawafanyisha mazoezi gani watoto wa umri huu?

Shangazi Tanga: Wangu anaanza na kuruka na kutua kwa miguu miwili, magoti yasiingie ndani. Kocha wake anasimamia. Wako anavaa viatu gani?