Utume wa magereza Kigoma: tukishagawa sabuni, kinachofuata ni nini?

KigangoMwanga
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Parokia yetu hapa Kigoma mjini ina kamati ya utume wa magereza, watu kumi na wawili, wengi ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania). Krismasi na Pasaka tunapeleka sabuni, miswaki na sukari gereza la Bangwe, Misa, nyimbo, picha getini, basi. Mtu akimaliza kifungo hatujui ameelekea wapi, na wapo wanaorudi ndani kabla mwaka haujaisha. Tunataka utume unaomsaidia mtu arekebike na abaki uraiani. Kibali kinaombwaje? Mipaka ya mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, ni ipi? Sheria inatoa nafasi gani ya mtu kutumikia adhabu nje? Na kazi gani ya mikono inafaa huku kwetu?

Lango_la_Pili
Milele Amina. Picha za getini acheni leo hii. Mfungwa ana watoto shuleni.

Barua aiandike paroko, si kamati, kwenda kwa Mkuu wa Gereza, nakala kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Iwe na majina kamili na namba za NIDA za watakaoingia, siku na saa, na orodha ya kila kitu mnachobeba hadi idadi ya hosti. Divai ya Misa ni kileo, kwa hiyo itajeni kwenye barua na muibebe katika chupa ndogo ya plastiki. Simu na fedha vibaki nje. Pendekezeni Jumapili mbili kwa mwezi, saa ileile, maana siku za kazi wengi wako shambani. Watu watano wanaofika kila mara wana faida kuliko arobaini wa Krismasi. Mkikwama, Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), kanuni ya 65, zinasema mfungwa asinyimwe kuonana na kiongozi wa dini yake. Itajeni kwa adabu, si kama rungu.

Mwombeni Askofu ateue kwa barua kapleni, yaani padre wa kuhudumia gereza. Si mapambo hayo. Sheria ya Kanisa, kanuni 566, inampa kapleni wa gereza uwezo wa kuondolea, akiwa humo gerezani, adhabu za Kanisa zinazompata mtu papo hapo, mradi kuziondoa hakukuachiwa mamlaka ya juu, wala hazikutangazwa rasmi. Kwa maungamo, ombeni sehemu ambayo askari anaona lakini hasikii.

Sasa mlei. Siri ya kitubio inamfunga padre, ninyi haiwalindi. Mahabusu akianza kusimulia alichofanya, mkatishe kwa upole, la sivyo kesho unaweza kujikuta shahidi upande wa mashtaka. Msibebe vijibarua, hata vya mapenzi. Msiahidi "kuongea na hakimu". Na msimfuate aliyekosewa ili "mpatanishe" wakati kesi au rufaa bado iko mahakamani, inaweza kuhesabiwa kuwa kuingilia shahidi.

Rufaa_Kwa_Wakati
Naongeza upande wa sheria, kwani urekebishaji mwingi hufia kwenye makaratasi.

Aliyehukumiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye ndani anamkabidhi Mkuu wa Gereza karatasi zake. Zile siku 10 ndizo zinazowaponyoka watu: analia wiki nzima, akizinduka muda umekwisha na inabidi aombe kuongezewa. Aliyekiri kosa anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Huku kwetu kuna wazee wa Kiha na watu wa Kirundi wanaojibu "ndiyo" bila kuelewa shtaka. Waambieni mahabusu mapema kwamba wana haki ya mkalimani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mtafuteni mmoja aliyesajiliwa aje kila mwezi.

KigangoMwanga
Asante sana. Na parole, yaani mfungwa kutoka kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, je? Tunaiomba sisi?

Mzee_wa_Uangalizi
Hapana. Mchakato unaanzia gerezani, unapita bodi ya mkoa, kisha ya taifa. Kwa Sheria ya Bodi za Parole (1994, na marekebisho yake) kifungo kiwe miaka minne au zaidi, theluthi moja iwe imetumikiwa, na mwenendo uwe mzuri. Kifungo cha maisha, unyang'anyi wa silaha, dawa za kulevya na kubaka havimo. Ninyi mnaingia pale afisa anapokwenda kijijini kuuliza: atalala wapi, nani atampokea, waliokosewa wanasemaje? Hapo ndipo faili hufa. Jumuiya ya Kasulu au Uvinza ikiandika barua kupitia mwenyekiti wa kitongoji, ikitaja nyumba na mtu, faili lina uhai.

Kwa maoni yangu nguvu nyingi wekeni kwenye huduma kwa jamii, yaani mkosaji kufanya kazi za umma badala ya kufungwa (Sheria ya 2002). Inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au mahakama imeona miaka mitatu au pungufu inatosha. Mkosaji lazima akubali, na afisa uangalizi huandika ripoti kabla ya hakimu kuamua. Mtu asiye na makazi yanayojulikana hukosa nafasi hii kirahisi. Mfahamuni afisa huyo kwa jina.

Jambo jingine: tarehe ya kutoka. Mfungwa hupunguziwa theluthi moja ya kifungo; asiyepoteza msamaha huo kwa utovu wa nidhamu, kifungo chake cha miaka mitatu huisha baada ya miwili. Familia zinahesabu mitatu, mtu anatoka hakuna anayemsubiri. Mwombeni afisa ustawi wa gereza majina ya wanaotoka ndani ya siku 90, na mwende nyumbani kwao kabla. Asiye raia hukabidhiwa Uhamiaji, kwa hiyo mpango wake ni tofauti.

Mise_na_Mawese
Kazi ya mikono: sabuni. Mali ghafi ipo, na aliyepita gereza la Kwitanga ameshazoea michikichi. Mawese kilo 10, kostiki (caustic soda, kemikali kali ya kutengenezea sabuni) kilo 1.35, maji lita 3. Mise, mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi, inataka kostiki zaidi, kilo 1.65 kwa mafuta kilo 10; wengi hutumia kipimo kimoja kwa yote mawili, sabuni ya mise inabaki na mafuta juu, ya mawese inababua ngozi. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, itarukia macho. Ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria ya alumini italiwa. Ikauke wiki nne kabla ya kuuzwa.

KigangoMwanga
Kostiki itaruhusiwa kuingia Bangwe?

Mise_na_Mawese
Msiibebe kwenye kikapu cha Misa hata kidogo. Akiwa ndani afundishwe vipimo na hesabu ya gharama kwa daftari tu. Akitoka, afanye mapishi matatu na fundi, kisha mpeni mzani, glavu, miwani na mafuta ya kupika sabuni mara moja. Fedha taslimu wiki ya kwanza msimpe, wadeni wa zamani huwahi kufika kuliko ninyi.