Picha mia sita, jina moja

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI, CHUMBAGENI 🌴

ALHAMISI

Shangazi Zaina, 07:52
Assalaam alaykum. Hamisi baba, picha za dada yako zimefikia wapi? Wifi yangu anarudi Maskati Jumamosi na flashi yake ninayo hapa mkononi.

Hamisi, 08:05
Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Nipo nazo studio. Nazipunguza ukubwa na kuweka nembo. Nimefika ya 47.

Shangazi Zaina, 08:05
Marahaba mwanangu. Ya 47 kati ya ngapi?

Hamisi, 08:09
612 🙈

Ami Salehe, 08:10
Bibi arusi atajifungua picha hazijaisha.

Dada Rukia, 08:21
Shikamooni wakubwa. Hamisi, moja inakula dakika ngapi?

Hamisi, 08:22
Kama mbili. Nafungua, napunguza, naweka nembo, naisogeza pembeni, nasevu, nafunga. Halafu nyingine.

Dada Rukia, 08:24
Mbili mara 612 ni saa 20 na ushei, hujala, hujaswali. Photoshop hiyo unailimia kwa jembe la mkono. Actions unaijua?

Hamisi, 08:25
Kile kidude chenye alama ya pembetatu? Nilikifunga zamani, kilikuwa kinanijazia skrini.

Dada Rukia, 08:26
Kimo humo tangu Photoshop 4 ya mwaka 1996, na wewe ulikuwa hujazaliwa. Bonyeza Alt na F9 kitarudi. Ni kama kinasa sauti, ila hiki kinanasa mikono yako. Unafungua picha moja, unabonyeza duara la kurekodi, unafanya kazi yako yote mpaka kusevu na kufunga, kisha unabonyeza kile kiboksi cha kusimamisha. Halafu File, Automate, Batch. Unaionyesha folda, inazimaliza zote.

Hamisi, 08:27
Zote? Mimi nimekaa?

Dada Rukia, 08:27
Wewe nenda kanywe chai.

Ami Salehe, 08:29
Miaka yote hii mtoto anatutoza hela ya jasho kumbe jasho lenyewe la kompyuta.

Hamisi, 10:40
Dada 😭😭

Hamisi, 10:41
Nimeiachia, imefungua na kufunga picha kama saa nzima, nikaona mambo si ndiyo haya. Sasa hivi nafungua folda, ndani kuna faili MOJA.

Shangazi Zaina, 10:42
Moja vipi?? Harusi ya mwanangu Hamisi!!

Hamisi, 10:43
📷 Picha

Abuu, 10:44
😂😂😂 Huyo si mjomba Salehe anaingia kwenye bajaji na masufuria mawili ya pilau?

Ami Salehe, 10:45
Lilikuwa sufuria moja. La pili ni kivuli.

Dada Rukia, 10:47
Shangazi, tulia kwanza. Hamisi, za mwanzo zipo?

Hamisi, 10:48
Zipo, folda yake haijaguswa. Na memori kadi sijaifuta.

Shangazi Zaina, 10:48
Alhamdulillah. Presha ilishaanza kupanda.

Dada Rukia, 10:52
Sasa nijibu. Wakati wa kurekodi, ulipofika kwenye kusevu, uliandika jina?

Hamisi, 10:52
Ndiyo. Niliandika "harusi".

Dada Rukia, 10:55
Basi. Imeandika "harusi" mara 612, kila inayokuja inaikalia ya mwenzake, na haikuulizi kitu. Ya mwisho kupigwa ndiyo iliyobaki, na ya mwisho ni ami na pilau lake. Kidude hakijui kwamba jina ulilitaka kwa picha ile tu. Umeandika, kimenasa.

Hamisi, 10:56
Sasa nisevu bila jina?

Dada Rukia, 11:03
Jina liache lilivyokuja na kamera, usiguse hata herufi. Chagua folda na ubora tu. Ubora wa JPEG unakwenda mpaka 12, weka 10, macho ya Maskati hayataona tofauti. Kisha kwenye Batch, pale Destination uliacha None, sivyo? Weka Folder, uonyeshe folda mpya tupu. Chini yake kuna kiboksi cha Override Action "Save As" Commands. Kitie tiki. Hapo ubora itauchukua kwenye rekodi yako, lakini jina na folda itavichukua hapo kwenye Batch. Na hatua ya kusevu isikosekane ndani ya rekodi, ukitia tiki bila hiyo haisevu chochote.

Abuu, 11:05
Mimi laptopu yangu haina nguvu ya Photoshop. Natumia IrfanView, nabonyeza B, napunguza mamia kwa mkupuo.

Dada Rukia, 11:07
Na inafaa kabisa kwa kupunguza na kubadili majina. Ila bure yake ni kwa matumizi ya nyumbani, wa studio anatakiwa alipie. Hamisi, safari hii usikurupuke. Chukua picha 10, ziwemo za kulala (pana) na za kusimama (ndefu), ujaribie hizo.

Hamisi, 12:15
Dada hukukosea. Za kulala nzuri. Za kusimama zimetoka kubwa kuliko wenzake, na nembo inaelea ubavuni mwa bibi arusi usawa wa magoti.

Dada Rukia, 12:31
Kwa sababu ulipunguza kwa upana. Ukisema upana 1600, ya kusimama nayo inapewa upana 1600 na urefu inajiongezea. Tumia Fit Image, ipo humo humo kwenye Automate, weka 1600 kwa 1600. Upande mrefu wowote utaishia hapo.

Nembo nayo uliivuta kwa mausi. Kompyuta haikuona kona, imehesabu hatua: kulia kadhaa, chini kadhaa. Kwenye picha yenye umbo jingine hatua zile zile zinaangukia kwingine. Usiivute. Ukishaiweka, bonyeza Ctrl na A uchague picha nzima, nenda Layer, Align Layers to Selection, Bottom Edges, halafu rudi uchague Right Edges. Hapo unaiambia "nenda kona ya chini kulia", na kona kila picha inayo.

Ami Salehe, 12:33
Hii ndiyo tofauti ya kumwambia bodaboda "hatua mia mbili kisha kata kulia" na kumwambia "nishushe msikitini".

Dada Rukia, 12:33
Ami umeelewa kuliko mwenye studio.

Bibi, 12:50
🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Abuu, 12:54
Kwa wasioweza kusikiliza: bibi anauliza kama nembo lazima. Anasema mtu atafikiri harusi ilikuwa ya Hamisi.

IJUMAA

Hamisi, 09:10
Nembo sasa inakaa konani 👌 Lakini picha za ufukweni Raskazone zimekuwa nyeupe, mashela na bahari huvitofautishi.

Dada Rukia, 09:14
Uliongeza mwanga ndani ya rekodi?

Hamisi, 09:14
Ukumbini kulikuwa na giza, nikaongeza kidogo.

Dada Rukia, 09:20
Toa hatua hiyo. Mwanga si kazi ya kurekodi, labda picha ziwe zimepigwa mahali pamoja, wakati mmoja. Gawa folda: ukumbini, Raskazone, usiku. Kama unataka mwanga, kila folda na rekodi yake. Na nyuso za karibu zipitie kwa mkono, hapo ndipo hela yako ilipo. Kumpunguzia shangazi ukubwa wa picha hata Abuu anaweza.

Abuu, 09:21
Hata??

Hamisi, 14:02
Nimetoka kuswali Ijumaa nakuta imegoma kwenye ya 88. Faili moja bovu, imeweka kibao inasubiri nibonyeze OK. Saa nzima imekaa inanisubiri 😤

Dada Rukia, 14:06
Chini kabisa kwenye Batch, pale Errors, badilisha iwe Log Errors to File. Ikikuta bovu inaandika pembeni na kuendelea, wewe utasoma baadaye.

Hamisi, 15:21
IMEMALIZA. 611, na moja bovu imeandikwa pembeni. Lile bovu ni picha ya sakafu tu. Nilibonyeza kwa bahati mbaya.

Shangazi Zaina, 15:24
Mashallah, Mungu akubariki mwanangu. Na wewe Rukia. Abuu nenda na flashi Ngamiani sasa hivi kabla umeme haujakatika.

Ami Salehe, 15:30
Hamisi, mwanangu, ile yangu ya bajaji naomba isisafiri.

Hamisi, 15:31
Ami, ningeitoaje? Kila kitu kilijiendea chenyewe.

Shangazi Zaina, 15:32
Iacheni. Wifi aone pilau lake lilikokwenda.