Dogo Kubo amepigwa danadana miaka mitatu, halafu mnasema "alifeli Madrid"!

Wakuu, habari za majukumu.

Nilikuwa nimejinyamazia zangu, lakini ule uzi wa "wachezaji waliofeli Real Madrid" umenitibua nyongo. Mtu kaweka jina la Takefusa Kubo, yule winga wa Japani, pale katikati, watu wanagonga like na vicheko. Sasa naomba kuuliza: alifeli mechi gani? Kubo hajawahi kuichezea Real Madrid mechi ya mashindano. Hata dakika moja. Alichopata ni mechi za kirafiki za maandalizi ya msimu, zikiwemo zile za Julai 2019 kule Marekani. Ile ya Bayern, Houston, aliingia kipindi cha pili, na nyie nyie mkajaa mitandaoni "huyu dogo moto wa kuotea mbali". Leo mnamwita garasa.

Wengi hapa mmemjulia kwenye gemu za simu, kwa hiyo ngoja niwape historia, na ambaye hataki kusoma apite hivi.

Kubo kazaliwa Kawasaki, Juni 2001. Mwaka 2011, akiwa na miaka 10, Barcelona wakamchukua La Masia, akademia yao ya vijana. Kanuni za FIFA kuhusu kusajili watoto wa chini ya miaka 18 kutoka nje ya nchi zilikuwepo, haziku­fichwa kabatini, na klabu kubwa kama ile ina wanasheria wa kujaza basi. Aprili 2014 FIFA wakawalima Barcelona adhabu ya kutosajili madirisha mawili. Sawa, klabu ikakata rufaa, ikashindwa, ikatumikia adhabu yake, maisha yakaendelea. Mwaka 2015 hao hao Barcelona wakabeba makombe matatu! Mtoto je? Akazuiwa kucheza mechi rasmi. Machi 2015 akafungasha virago akarudi Japani, hajafikisha hata miaka 14. Kosa la wazee, adhabu kaipata mtoto. Hapo sijaona mchambuzi yeyote akianzisha uzi.

Akaanza upya FC Tokyo. Novemba 2016 akacheza ligi ya daraja la tatu ya Japani akiwa na miaka 15, mdogo kuliko wote waliowahi kucheza J.League, yaani ligi za kulipwa za huko. Mwaka uliofuata akaenda Kombe la Dunia la U-20 Korea Kusini, bado ana miaka 15, anapambana na vijana wenye ndevu. Nusu ya kwanza ya 2019 FC Tokyo wako kileleni mwa ligi na yeye yuko kikosi cha kwanza. Tarehe 9 Juni mwaka huo akavaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa dhidi ya El Salvador, ana miaka 18 na siku tano. Siku chache baadaye Madrid wakatangaza kumsajili.

Hapa ndipo hasira zangu zilipo, tuelewane vizuri.

La Liga kila klabu inaruhusiwa wachezaji watatu tu wasio na uraia wa Ulaya. Madrid walikuwa na Vinícius, Militão na Rodrygo. Wabrazili watatu hao, nafasi zimejaa. Mtasema "na wao walisubiri". Hapana! Mbrazili akiishi Hispania miaka miwili kihalali anaweza kuomba uraia, kwa sababu sheria yao inawapendelea watu wa Amerika ya Kilatini. Vinícius kaupata 2022, nafasi ikafunguka. Mjapani anatakiwa akae miaka 10. Na hata akikaa hiyo 10, sheria ya kwao Japani hairuhusu mtu mzima kuchukua uraia wa nchi nyingine akabaki na wa Japani. Maana yake ili Kubo apate pasipoti ya Hispania inabidi aache kuwa Mjapani, na akiacha kuwa Mjapani ndiyo kwaheri timu ya taifa.

Hayo yote yalijulikana siku ile anatia saini! Siyo kwamba yalizuka baadaye. Klabu ilijua kabisa kwamba huyu dogo atakula nafasi ya mgeni maisha yake yote, na nafasi hiyo hawakuwa nayo. Walimsajili wa nini? Mimi nasema jezi na soko la Asia, na aliye na jibu bora alilete.

Kikafuata kipindi cha mikopo. Msimu wa 2019/20 Mallorca, timu ya kushuka daraja, na kweli ikashuka. Dogo kacheza mechi 35 za ligi, mabao manne, na mwishoni mwa msimu yeye ndiye alikuwa anaibeba ile timu mgongoni. Timu zikapanga foleni kumtaka. Akapelekwa Villarreal kwa kocha Emery. Oktoba 2020 Europa League dhidi ya Sivasspor akaanzishwa, akafunga, akatengeneza mengine. Zawadi yake? Benchi. Mechi 13 za ligi, karibu zote anaingia dakika za jioni wakati watu wanatafuta funguo za magari. Januari mkopo ukakatwa, akatupwa Getafe kwa kocha Bordalás, timu inayocheza mpira wa viwiko. Kiungo mchezeshaji wa mguu wa kushoto anapelekwa mahali ambapo mpira unapita juu ya kichwa chake dakika 90! Na hapo hapo, Mei 2021, dhidi ya Levante, akatokea benchi akafunga bao la ushindi lililoihakikishia Getafe kubaki La Liga. Nani kamkumbuka? Mei hiyo hiyo Villarreal wakabeba Europa League bila yeye.

Msimu uliofuata, Mallorca tena. Ikawa kama mtoto anayezungushwa kwa mashangazi kila likizo halafu anaulizwa mbona hana adabu za kwao. Akaumia goti mapema msimu, tena kwenye mechi dhidi ya Madrid. Aliporudi, Desemba 2021, uwanja wa Atlético, matokeo 1-1, dakika ya 91, katoka benchi, akachomoka peke yake na mpira kumfuata Oblak. Oblak, siyo kipa wa mchangani. Mabeki wanamkimbiza nyuma, hakugeuka hata kuwaangalia, akauweka wavuni. Bingwa mtetezi kafungwa nyumbani kwake. Itafuteni hiyo klipu muiangalie mpaka mwisho, halafu mrudi hapa mniambie "hana roho ya mechi kubwa".

Julai 2022 Madrid wakamuuza Real Sociedad kwa kama euro milioni 6.5, na kwa mujibu wa vyombo vya habari vya Hispania wakabakiza nusu ya fedha za mauzo yake ya baadaye. Yaani hawakumchezesha, hawakumfundisha, waliolea ni wengine, na dogo akiuzwa kesho mgao wao uko palepale. Biashara safi, sikatai. Ila msiniambie ni "kukuza kipaji".

Na mara tu alipopata kwake, mlimwona. Msimu wa kwanza mabao tisa ya ligi, Sociedad nafasi ya nne, Ligi ya Mabingwa. Mei 2023 akawafunga Madrid wale wale, 2-0. Septemba 2023 mchezaji bora wa mwezi wa La Liga. Ni mguu mpya huo? Ni mguu ule ule wa kushoto, tofauti ni kwamba kocha alimwamini, na msimu ule wa kwanza pembeni yake alikuwepo David Silva.

"Ooh lakini ameshuka." Jamani, angalieni timu ilivyobomolewa! Silva kastaafu, Sørloth kaondoka, Merino kaenda Arsenal, Le Normand kaenda Atlético, kisha Zubimendi naye Arsenal. Msimu wa 2024/25 wakamaliza nafasi ya 11 na kocha Imanol akaaga. Anabaki Kubo pembeni kulia anakabwa na watu wawili hadi watatu, anageuka hana wa kumpasia. Na bado Machi 2025 ndiye aliyefunga bao la pili dhidi ya Bahrain siku Japani ilipofuzu Kombe la Dunia, ya kwanza kabisa ukiondoa wenyeji.

Kuna la Mestalla pia, uwanja wa Valencia, Januari 2025, anapasha misuli pembeni na watu jukwaani wanamtolea maneno ya kibaguzi kuhusu macho yake. Klabu zote mbili zikatoa taarifa za kulaani. Halafu humu naona mtu anaandika utani ule ule, eti tunacheka. Sisi ambao wachezaji wetu wanaigiziwa milio ya nyani! Aibu tupu, sitaendelea.

Watakaosema "alisaini mwenyewe, hakulazimishwa", sawa, alisaini. Alikuwa na miaka 18 na siku kumi. Na Watanzania tusijifanye hatujui mambo haya. Samatta alipong'ara Genk ya Ubelgiji alikuwa na Mjapani pale, Junya Ito, wote wanacheza kila wiki kwa sababu klabu iliwahitaji uwanjani. Samatta alipoondoka kwenda Aston Villa mkaona kilichofuata: Fenerbahçe kwa mkopo, Antwerp kwa mkopo, Genk kwa mkopo. Pale tulilia wote kwamba anazungushwa. Kwa Mjapani ghafla tatizo ni kiwango?

Mods, ule uzi mwingine mkiweza ubadilisheni kichwa. Na mwenye ile orodha namsubiri hapa hapa aniletee mechi moja tu ya mashindano ambayo Kubo kaichezea Real Madrid. Tarehe, mpinzani na matokeo. Akileta nafuta akaunti.