Natoka kwenye vichekesho niingie kwenye sauti za katuni: kuna mkate huko au najidanganya?

Mpiga_Domo:
Wakuu, habari za jioni. Mwaka wa 3 huu natengeneza vichekesho vya dakika moja moja, nacheza peke yangu: mama mwenye nyumba, mpangaji, dalali na mtoto wa kutumwa dukani. Khanga inatoka, kofia inaingia, maisha yanaendelea. Juzi jamaa kaniambia sauti zangu ni za katuni, niachane na kamera. Kuna mtu katoka kwa njia hii, au ni stori za kijiweni?

Kaka_Hedifoni:
Mkuu, mtafute Phil LaMarr, Mmarekani wa Los Angeles. Alikuwa MADtv tangu inaanza 1995 mpaka 2000, komedi ya vipande vipande kama ile Orijino Komedi ya akina Joti na Masanja. Mlioangalia Pulp Fiction, ndiye yule Marvin anayepigwa risasi ya bahati mbaya ndani ya gari. Sura yake ungepishana nayo Kariakoo usigeuke. Njoo kwenye sauti sasa! Samurai Jack ni yeye (na yule bwana anaweza kumaliza dakika kadhaa hajafungua mdomo, kazi tamu ile). Hermes wa Futurama, karani Mjamaika, ni yeye. Static, yule shujaa wa katuni ya Static Shock, ni yeye. Green Lantern wa Justice League, yeye tena. Kuna kipindi Static na Green Lantern wanakutana, yaani mtu mmoja anajibizana na koo lake: huku mvulana wa shule, huku mwanajeshi mzima. Ni wewe na mama mwenye nyumba wako, ila bila khanga.

Na hapo kwenye khanga ndipo utakapokwama. Mimi naingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Siku ya kwanza nilikwenda na koti la jinzi. Kila nikivuta pumzi maiki inasikia kwaru, kwaru. Nikavuliwa, nikarekodi na singlendi. Halafu nikapewa mzee anayepanda ngazi. Nikasoma vizuri, nikajua nimeua. Fundi akasema, "Mzee wako amekaa kwenye sofa." Akaniletea ndoo ya maji imejaa, nikaibeba mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Mara moja tu, ikapita. Mabega na macho unayochekeshea watu hayaonekani mle ndani, lakini ukiyalaza na sauti inalala.

Binti_Ubungo:
Mwambie na malipo basi, usimpambe tu.

Kaka_Hedifoni:
Dada nilikuwa nakuja huko. Kuna studio ilinilipa kazi ya mwezi wa 3 mwezi wa 8, tena nusu. Mkuu, kabla hujakohoa kwenye maiki ya mtu, uliza unalipwa kwa kipande au kwa siku, na lini. Na kamera usiiache, LaMarr mwenyewe alianza Futurama mwaka 1999 bado yuko MADtv.

Mpiga_Domo:
Shukrani wakuu. Nimejaribu na ndoo usiku huu. Mama mwenye nyumba katoka balaa, mpaka mama mwenye nyumba wa kweli kaja kugonga mlango anauliza nimemwingiza nani humu ndani.