Natumia finasteride kwa ajili ya nywele na titi limeanza kuuma: niache au nipunguze dozi?

Fundi Saa: Ndugu zangu, naomba ushauri kwa jambo ambalo nimeshindwa kulisema hata mbele ya kaka zangu. Nina miaka 33, na nywele zilipoanza kunitoka utosini rafiki yangu alinielekeza finasteride. Kwa kuwa kidonge cha miligramu 1 hakikupatikana mtaani kwetu, nilinunua vile vya miligramu 5 wanavyopewa wazee wenye tezi dume iliyotanuka, nikawa navikata vipande vinne kwa wembe juu ya kisahani, na kusema kweli vipande havikuwahi kulingana. Mwezi wa sita nywele zilitulia. Mwezi wa saba, nikivaa shati, nilihisi maumivu nyuma ya chuchu ya kushoto, na nilipopapasa nikakuta kitu kigumu mfano wa kokwa ya ubuyu. Hamu ya tendo la ndoa nayo imefifia, na mke wangu, mwenye ujauzito wa miezi minne, anadhani nimemchoka. Je, niache kabisa, au nipunguze hadi robo ya robo?

Dada wa Dukani: Kaka Fundi, mimi ni mfamasia, na nitaanza na kisahani chako. Mjamzito hatakiwi kugusa kidonge hiki kikiwa kimevunjika au kusagika, kwa maana dawa inaweza kupenya ngozini na kuvuruga uumbwaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume. Sisemi kwamba amedhurika, ila mwambie, na daktari wake wa kliniki naye ajue.

Sasa titi. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa DHT, homoni inayosinyaza mashina ya nywele kwa wenye asili ya upara, na finasteride huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Testosteroni iliyokosa njia huongezeka kidogo, na sehemu yake hugeuka estrojeni, ndiyo inayoweza kukuza titi. Kupunguza dozi hakutakusaidia sana, kwani hata miligramu 0.2 hushusha DHT karibu sawa na miligramu 1. Ukiacha, DHT hurudi kiwango chake ndani ya wiki mbili hivi. Nywele ulizookoa nazo zitaondoka taratibu katika mwaka mmoja.

Mtu wa Takwimu: Tusitishane. Katika majaribio ya awali, matatizo ya tendo la ndoa yaliwapata asilimia 3.8 ya waliomeza dawa na asilimia 2.1 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, na wako ambao hupungukiwa hamu kwa kuogopa tu. Ila uvimbe unaopapaswa kwa kidole hauletwi na hofu, mkuu. Huo ukapimwe.

Nilipita Huko: Asilimia hizo nazifahamu, nami nilikuwa miongoni mwa hao wachache. Niliacha, na hamu ilirejea baada ya miezi mitatu, lakini si kila mtu hurejewa haraka: mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza karatasi ya maelezo itaje matatizo yanayoendelea hata baada ya kuacha. Angalia pia moyo wako. Ukijiona mnyonge kupita kawaida, au mawazo ya kujidhuru yakikujia, acha dawa na umwone daktari siku hiyo hiyo, maana hilo nalo sasa limo katika maonyo. Mimi sasa napaka minoksidili, dawa nyingine ya nywele, ambayo haigusi homoni. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu.

Mzee wa Kibarazani: Mwanangu, mimi nameza hiyo ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume. Siku ukipimwa PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, mweleze daktari unachomeza, kwani dawa hii hushusha majibu karibu nusu na kumfanya adhani uko salama.

Fundi Saa: Nawashukuru nyote. Nimeacha tangu juzi, na daktari amepapasa titi, akanitaka nipige picha ya ultrasaundi Jumatatu. Jana usiku nilimweleza mke wangu kila kitu. Habari za nywele hakuuliza. Aliinuka, akaenda jikoni, akaniuliza kisahani chenyewe ni kipi.